Mtoto hakui: kabla ya kumlaumu mama, tuulize mama mwenyewe alikula nini

Asubuhi ya siku ya kliniki, katika zahanati za huku kwetu kuanzia Lunga Lunga hadi Marereni, utakuta benchi limejaa akina mama, leso mabegani na kijitabu mkononi. Mtoto anavuliwa nguo, anatundikwa kwenye mizani, muuguzi anasoma kilo, anaweka nukta kwenye chati, kisha anaita mwingine. Kazi ya dakika mbili. Ubao wa kupimia urefu uko pale pale umeegemezwa ukutani, na foleni ikiwa ndefu hakuna anayeugusa.

Kwa hivyo mtoto anaweza kuhudhuria kliniki mwaka mzima akiambiwa kilo zake si mbaya, kumbe urefu umeachwa nyuma. Nyumbani nako hakuna anayeshtuka, maana watoto wa jirani wako hivyo hivyo. Hapo ndipo ilipo hila ya kudumaa. Surua ina vipele, malaria ina homa, kwashiakoo huvimbisha miguu. Mtoto aliyedumaa anacheza, anacheka na anakula akipewa. Ni mfupi tu, na sisi tunasema amemfuata babu yake.

Nataka leo tuzungumze kuhusu huyo mtoto, lakini zaidi kuhusu mama yake. Wanaochunguza udumavu hurudi kila mara kwenye jambo moja: ukitaka kujua kwa nini mtoto wa miaka miwili ni mfupi, anza kuuliza maswali ya miaka mitatu iliyopita, wakati hajazaliwa.

Kwanza tuelewane tunapima nini. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa chati za ukuaji ambazo ndizo zinazotumika hadi leo. Kwa chati hizo, msichana wa miaka miwili anayekua vizuri huwa na urefu wa kama sentimita 86 akipimwa amelazwa. Akiwa chini ya sentimita 80 anahesabiwa kuwa amedumaa. Mvulana wa umri huo huwa karibu sentimita 88, na mpaka wake ni kama 82. Tofauti ni upana wa vidole vichache. Lakini ufupi ni ile dalili tu inayoonekana kwa macho. Mwili ulioshindwa kurefuka kwa kukosa lishe na kuandamwa na maradhi ndio huo huo uliokuwa ukijenga ubongo na kinga yake wakati huo huo, na baadaye mtoto huyo husumbuka darasani na huugua haraka kuliko wenzake.

Na ile hoja ya babu? Ni kweli urefu hurithiwa, na katika nyumba moja wapo warefu na wafupi. Lakini kabila zima au kijiji kizima hakiwi kifupi utotoni kwa sababu ya damu. Kabla ya kutoa chati zake, WHO ilipima watoto wapatao 8,500 kati ya mwaka 1997 na 2003, huko Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichaguliwa watoto waliolelewa vizuri: wamenyonyeshwa, mama havuti sigara, na nyumbani hakuna dhiki ya kumzuia mtoto kukua. Mtoto wa Oman na mtoto wa Norway walirefuka karibu sawa. Wengi wetu huku pwani tuna binamu Oman, kwa hivyo tusiseme hao ni watu wa damu nyingine.

Sasa tuje nyumbani. Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya, KDHS, wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 26, kwa hivyo nchi imepiga hatua. Lakini kaunti iliyoshika nafasi ya kwanza kwa udumavu haikuwa kule kaskazini tunakokuona kwenye televisheni kila kiangazi. Ilikuwa Kilifi, kwa asilimia 37. Mwaka 2014 Kilifi ilikuwa na asilimia 39. Yaani katika miaka minane Kenya imeshuka kwa pointi nane, Kilifi kwa pointi mbili. Kilifi ile ile yenye hoteli za Watamu na Malindi, yenye bahari, minazi, mikorosho na embe zinazooza chini ya miti msimu ukifika.

(Ndugu zangu wa Kwale na Tana River, msicheke. Nimeichukua Kilifi kwa sababu iko juu ya orodha, lakini nitakayoyasema mnayajua.)

Nani alaumiwe

Kwa Wamijikenda, mtoto anayekonda na kudhoofu husemwa ana chirwa: mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa, au wamevunja mwiko wakati mtoto bado ananyonya. Waswahili wana lao, mtoto amebemendwa. Kidole kinaweza kumnyooshea baba, lakini sote tunajua mara nyingi kinaishia wapi. Mama ananyamaza, mtoto anapelekwa kwa mganga kabla ya kupelekwa hospitali, na kuna mama ambaye haendi kabisa hospitali kwa sababu akionekana na mtoto aliyedhoofika ni kama amejitangazia uzinzi.

Hospitalini nako lawama inavaa koti jeupe. "Mama, humlishi mtoto!" Mama anayeambiwa hivyo mbele ya benchi zima pengine ameamka saa kumi, amechota maji, amepika, amepanda bodaboda kwa pesa ya kukopa, na tangu jana usiku hajatia kitu tumboni. Tukisema udumavu una sababu zinazotoka kwa mama, wengi husikia makosa ya mama. Hayo ni mambo mawili tofauti, na makala haya yote yamesimama juu ya tofauti hiyo.

Hesabu ya siku elfu moja mmeisikia redioni. Siku 270 za mimba, 365 za mwaka wa kwanza, 365 za mwaka wa pili. Katika siku hizo binadamu hukua kwa kasi asiyoipata tena maishani. Mtoto huzaliwa na urefu wa karibu nusu mita, mwaka wa kwanza huongeza kama sentimita 25, wa pili kama 12. Ukimkosesha hapo, kumrudishia baadaye ni kazi ngumu. Sasa angalia: siku 270 za mwanzo mtoto hali kwa mdomo wake. Chakula chake, hewa yake na dawa yake vyote vinapita kwenye damu ya mama kupitia kondo la nyuma. Kama mama hana, mtoto hana. Ndiyo maana wapo watoto wanaozaliwa tayari wameachwa nyuma, wakiwa na chini ya kilo 2.5, na hao ndio wengi wao unakuja kuwakuta kwenye orodha ya waliodumaa baadaye. Huyo hata ukimpikia uji wa nafaka saba akiwa na miezi sita, umeanza mbio wenzake wakiwa wameshapita kona ya kwanza.

Mama aliyekuwa mtoto jana

Kabla ya mimba kuna msichana. Kama msichana huyo naye alidumaa akiwa mdogo, atakuwa mwanamke mfupi, na tafiti nyingi duniani zinaonyesha kwamba mama mwenye urefu wa chini ya sentimita 145 yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuzaa mtoto mdogo na mtoto huyo kudumaa. Nyonga zake pia huwa nyembamba, na uzazi unakuwa mgumu. Kwa hivyo njaa ya mwaka fulani inaweza kukaa ndani ya mwili wa mtu miaka ishirini ikimngoja mjukuu. Watoto wa kike waliokuwa matumboni na migongoni huko Ganze na Magarini katika ule ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo mvua ikikataa, ndio watakaokuwa mama wetu ifikapo miaka ya 2040.

Na msichana akipata mimba kabla mwili wake haujamaliza kukua, kunakuwa na watoto wawili wanaogombea sahani moja. Yeye mwenyewe bado anahitaji chakula cha kujenga mifupa yake, na aliye tumboni anahitaji chake. KDHS ya 2022 ilikuta kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini wameshapata mimba. Huku kwetu tunazungumzia mimba za utotoni kama suala la maadili, la disko matanga na bodaboda. Sawa, lakini ni suala la lishe pia. Msichana huyo mara nyingi anaficha mimba hadi mwezi wa tano au wa sita, anajibana tumbo, hali vizuri kwa hofu na aibu, na haendi kliniki. Akijifungua, amefukuzwa nyumbani au amerudi kukaa kwa mama yake, hana pesa wala sauti. Anaambiwa ale nini na anaamuliwa mtoto apewe nini.

Damu

Kama ningeambiwa nichague jambo moja tu la kuzungumza na kila mjamzito wa pwani, ningechagua damu.

Mjamzito akipimwa damu ikawa chini ya 11, amepungukiwa. Wengi wetu tunachukulia hilo kama kawaida ya mimba: mama kuchoka, kizunguzungu, moyo kwenda mbio akipanda ngazi. Lakini damu ndiyo gari linalobeba hewa na virutubisho hadi kwa mtoto. Ikipungua, mtoto hukua kwa kubana matumizi. Huzaliwa mdogo, au kabla ya wakati, na huzaliwa na akiba ndogo ya madini ya chuma ambayo ilipaswa kumfikisha miezi sita akinyonya maziwa pekee.

Huku kwetu damu hiyo huvuja kwa mashimo mengi. La kwanza ni chakula chenyewe: sima na mboga ya kuchemsha, nyama au samaki siku moja moja, kisha chai ya rangi baada ya kula. Chai ina kitu kinachoshika madini ya chuma na kuyazuia yasiingie mwilini. Mama anayekula mchicha na kunde halafu akateremshia chai, sehemu kubwa ya alichokula inapita tu. Angengoja saa moja au zaidi. Na angekamulia ndimu kwenye mboga, ndimu ambayo huku haikosekani, angepata zaidi kutoka kwenye mchicha ule ule.

Shimo la pili ni safura na kichocho, ambavyo Kwale inavijua vizuri. Minyoo ya safura hujishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi. Dawa ya minyoo hutolewa kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba, lakini mama anayelima miguu mitupu ataipata tena.

La tatu ni malaria. Pwani ni miongoni mwa maeneo ya Kenya ambako malaria iko mwaka mzima, na kwa mjamzito malaria ina tabia ya ajabu: vimelea vyake hujificha kwenye kondo la nyuma. Mama anaweza asiwe na homa kabisa, akasema mimi mzima, huku kule ndani njia ya chakula cha mtoto imeziba nusu. Mimba ya kwanza ndiyo iliyo hatarini zaidi. Ndiyo sababu kliniki zetu humpa mjamzito chandarua chenye dawa, na zile tembe za SP, wengi wanaziita Fansidar, kuanzia wiki ya 13, kisha tena kila baada ya mwezi, angalau mara tatu kabla ya kujifungua. Mama anayetumia Septrin kila siku hapewi SP, na inafaa amwambie muuguzi mapema. Haya si mambo ya kumwachia jirani akushauri.

La nne ni udongo. Hapa najua nitawachokoza. Watafiti waliowahoji wajawazito wa huku Kilifi, matokeo yao yakachapishwa mwaka 1998, walikuta zaidi ya nusu wanakula udongo mara kwa mara, na wale waliokula walikuwa na akiba ndogo ya madini ya chuma. Nani kati yetu hajamwona dada yake au mke wake akivunja kipande cha kichuguu, au akinunua vile vijiwe sokoni? Hamu ya udongo na upungufu wa damu hutembea pamoja, na wataalamu bado wanabishana nani anamleta mwenzake. Udongo unaweza kubeba mayai ya minyoo, na kama chai unaweza kuyashika madini ya chuma. Lakini kumgombeza mama hakumwachishi. Hamu hiyo ichukuliwe kama mlio wa kengele: huyu apimwe damu leo.

Kliniki hutoa tembe za kuongeza damu bila malipo, zenye madini ya chuma na folik asidi, za kumezwa moja kila siku muda wote wa mimba. Nimewahi kuingia chumba cha dada yangu nikakuta pakiti tatu nzima chini ya godoro. Akaniambia zinamtapisha, choo kinakuwa cheusi, na mama mkwe amemwonya kwamba mtoto atakuwa mkubwa ashindwe kutoka. Choo cheusi ni kawaida, ni yale madini yanayobaki. Kichefuchefu hupungua akimeza usiku baada ya chakula cha mwisho. Na hofu ya mtoto mkubwa inatoka kwa watu waliowaona wanawake wakifia kitandani, siwezi kuicheka. Lakini tembe ya damu haimfanyi mtoto kuwa jitu. Inamsaidia afikie uzito wake. Muuguzi aliyempa dada yangu tembe zile hakumweleza hata moja kati ya haya. Alimhesabia tu, akaita mwingine.

Kuna lingine linaloharibu hayo yote, nalo ni kuchelewa. Kwa mujibu wa KDHS ya 2022, asilimia 98 ya akina mama walihudhuria kliniki ya wajawazito kwa mtaalamu angalau mara moja, lakini waliofika mara nne au zaidi walikuwa asilimia 66. WHO inataka mara nane, ya kwanza kabla ya wiki ya 12. Huku pwani mimba changa haitangazwi. Kuna hofu ya husuda, kuna hofu ya kijicho, na kuna kungoja hadi tumbo liseme lenyewe. Wakati linasema, nusu ya siku 270 imekwenda.

Mimba juu ya mimba

Nirudi kwenye kubemenda, kwa sababu sitaki kuwadharau wazee. Ndani ya imani ile kuna jambo waliloliona kwa macho yao: mama akishika mimba mtoto akiwa bado mchanga, yule mchanga hudhoofika. Waliona sawa, wakaeleza vibaya. Maziwa hayageuki kuwa sumu kwa sababu ya mimba au ya tendo la ndoa. Kinachotokea ni kwamba mwili wa mama haujapata muda wa kurudisha kilichotoka: damu, madini, mafuta ya akiba. Mtoto wa mgongoni anaachishwa ziwa kwa hofu, anapewa uji mwepesi usio na kitu. Wa tumboni anaanza na mama aliyechoka. Mara nyingi wote wawili wanaishia kudumaa, na hapo anatafutwa mzinzi.

WHO inashauri angalau miezi 24 ipite baada ya kujifungua kabla ya mimba nyingine. Wala si jambo la kigeni kwetu. Miaka miwili ya kunyonyesha inatajwa katika Uislamu, na mila za wazee wetu nazo zilikuwa na njia zao za kuwatenganisha wazazi kwa muda. Siku hizi zile njia zimekufa, na za kliniki zimepokelewa nusu nusu. Ukiwauliza akina mama, wengi hawatakwambia hawataki kupanga uzazi. Watakwambia mzee amekataa, au wanaogopa maneno waliyosikia. Basi mazungumzo haya tuyapeleke pia kwenye kibanda cha mnazi na baraza ya msikiti. Kumwita mama peke yake kwenye semina ya lishe ni kumpa somo mtu asiyeshika ufunguo.

Arobaini tu?

Huku pwani tunajua kumtunza mzazi. Mwanamke akijifungua huja mama yake au shangazi, akamkanda kwa maji ya moto, akampikia supu na uji wa pilipili manga, akamwambia asiguse jembe wala ndoo. Siku arobaini anakula kwanza, analala, anakaa na mtoto wake. Ni desturi nzuri sana na laiti ningeweza kuiongeza muda. Kwa sababu ukizitoa arobaini kwenye zile elfu moja, zinabaki siku 960, na hizo tunaziishi kana kwamba hakuna mzazi nyumbani.

Mwangalie mjamzito wa mwezi wa saba. Debe la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na kisimani si mara moja. Kuna kuni. Kuna shamba, kwa sababu masika haingoji mtu. Wapo wanaochoma makaa, wanaovunja kokoto, wanaobeba chumvi. Nishati inayotoka kwa kazi hiyo inatoka mfuko ule ule unaomlisha mtoto. Jioni chakula kikiiva, sahani ya kwanza ni ya baba, wanafuata watoto, na mama anakwangua sufuria. Kuku wapo, lakini mayai yanakwenda sokoni kununua unga. Na yakibaki, kuna atakayesema mjamzito hali mayai.

Mama anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi hata ya mjamzito, kama kalori 500 za ziada kwa siku. Hilo wengi hawalijui. Kwa lugha ya jikoni ni mlo mmoja mzuri wa ziada: sima na pojo, kipande cha samaki, au muhogo na kikombe cha maziwa. Wala simaanishi kuku wa kienyeji kila siku. Ng'onda na dagaa wana lishe, mbaazi zina lishe, yai moja lina lishe kubwa. Kinachotakiwa ni mtu fulani ndani ya nyumba aamue kwamba lile yai ni la huyu.

Kunyonyesha kwenyewe kunahitaji muda, na muda wa mama ni mali ya kila mtu isipokuwa yeye. Miezi sita ya maziwa pekee, bila maji wala uji, ilifuatwa kwa asilimia 60 ya watoto wachanga kwa hesabu ya KDHS ya 2022. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Kwa mwenye barua ya kazi inasaidia. Kwa mfanyakazi wa nyumba huko Nyali, kibarua wa shamba la mkonge, au mama mboga anayefungua kibanda saa kumi na mbili asubuhi, hiyo ni habari ya mbali. Mtoto anabaki na dada yake wa miaka minane na chupa ya uji. Kisha anaharisha, na kila anapoharisha anaacha kurefuka kwa muda.

Na yuko mama aliyekaa kimya. Baada ya kuzaa amekuwa hacheki, hatoki, anamtazama mtoto kama wa mtu mwingine. Sisi tunasema ana majivuno au ana jini. Huenda ni ugonjwa wa sonona, na tafiti katika nchi nyingi zimeona kwamba watoto wa mama mwenye sonona huwa katika hatari zaidi ya kudumaa. Mama huyu anahitaji mtu wa kukaa naye na kumpeleka hospitali.

Tafiti zetu, mwaka baada ya mwaka, zinaonyesha kwamba kadiri mama alivyosoma na kadiri nyumba ilivyo na uwezo, ndivyo udumavu unavyopungua. Wengine huitafsiri vibaya, kwamba mama asiyesoma hajui kulea. Mimi naona shule ilimpa mambo mengine: ilimchelewesha kuolewa, ikampa nafasi ya kipato, ikampa ujasiri wa kumuuliza muuguzi swali la pili. Ndiyo maana mipango inayompa mama pesa mkononi pamoja na mafunzo ya lishe, kama ule wa NICHE uliofika pia Kilifi, ina maana kuliko mabango ya barabarani. Ushauri bila shilingi ya kununua dagaa ni wimbo tu.

Tangu 2023 serikali imewapa vifaa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini. Mmoja wao anatembelea boma lako au la jirani. Akija, msimpe kiti nje akaandika majina na kuondoka. Kama kuna mjamzito, aulizwe ameanza kliniki lini, damu yake ni ngapi, amepata SP mara ngapi, na zile tembe ziko wapi. Kama kuna mtoto wa chini ya miaka miwili, kijitabu kiletwe, na ukurasa wa urefu ufunguliwe pamoja na ule wa kilo.

Na mama, siku ya kliniki, mtoto akishatolewa kwenye mizani, usivae leso upesi ukaondoka. Mwambie muuguzi, kwa adabu: "Dada, naomba tumpime na urefu." Ubao uko pale ukutani. Baba ukiweza kwenda naye siku hiyo, wewe ndiye umshike miguu mtoto inyooke, maana kazi hiyo inataka watu wawili.